Jean Itard na Herufi Nne za Maziwa

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha katika shule ya msingi atakutana, mapema au baadaye, na mtoto asiyesema. Huenda masikio ya mtoto huyo ni mazima na koo lake halina dosari, lakini akili yake imechelewa sana na ulimi wake hautoi neno. Mara nyingi mtoto wa namna hii hukalishwa nyuma ya darasa, au huachwa nyumbani kabisa, kwa sababu wakubwa hudhani kwamba asiyesema hana la kusema. Dhana hiyo ni ya zamani na ina madhara makubwa, maana mtoto anayehesabiwa kuwa hana la kusema hakuna anayemsikiliza.

Katika makala hii tumekusudia kueleza maisha ya mtu aliyepambana na dhana hiyo zaidi ya karne mbili zilizopita, naye ni Jean Marc Gaspard Itard wa Ufaransa. Hatumwelezi ili tumsifu tu. Itard alifaulu mahali ambapo hakuweka matumaini makubwa, akashindwa mahali alipotia nguvu zake nyingi. Kwa mwalimu, kushindwa kwake kuna mafunzo sawa na kufaulu kwake.

Ujana wake

Itard alizaliwa tarehe 24 Aprili 1774 katika mji mdogo wa Oraison, kusini mwa Ufaransa. Alisoma Riez na baadaye Marseille, na jamaa zake walitazamia awe mtu wa biashara. Mapinduzi ya Ufaransa yalivuruga mpango huo. Vijana walipokuwa wakiitwa jeshini, yeye alipata kazi katika hospitali ya kijeshi karibu na Toulon, ingawa wakati huo hakuwa na elimu yoyote ya uganga. Kazi aliyoipata kwa bahati ikawa wito wake. Alijifunza kwa bidii, akahamia Paris, akawa mmoja wa wanafunzi wa Larrey, mpasuaji mashuhuri wa jeshi.

Mwishoni mwa mwaka 1800 aliwekwa kuwa daktari wa Taasisi ya Viziwi ya Paris, iliyokuwa ikiongozwa na Padri Sicard. Umri wake ulikuwa miaka 26. Hakuwa mwalimu kwa mafunzo, wala hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Alikuwa amesoma maandishi ya mwanafalsafa Condillac, aliyeshikilia kwamba maarifa yote ya binadamu huingia kwa njia ya milango ya fahamu. Kwa fikra hiyo moja Itard alijitwika kazi ambayo wakubwa wake waliikataa.

Mtoto wa Aveyron

Mwezi wa Januari 1800, mtoto mmoja wa kiume alitokea karibu na kijiji cha Saint-Sernin katika jimbo la Aveyron. Alikuwa karibu uchi, na alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11 au 12. Watu wa sehemu zile walikuwa wamemwona mara kadhaa misituni akiokota njugu na mizizi, na alikuwa amewahi kukamatwa akatoroka. Shingoni alikuwa na kovu refu. Hakusema neno lolote.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo alipelekwa Paris, na watu wengi wakaja kumtazama. Walitarajia kuona binadamu asiyeharibiwa na ustaarabu; wakaona mtoto aliyejitikisa mbele na nyuma, aliyeuma wenzake, na ambaye macho yake hayakutulia juu ya kitu chochote. Pinel, daktari aliyeheshimiwa kuliko wote katika magonjwa ya akili, alimchunguza na kutoa hukumu kwamba mtoto huyu hakuwa tofauti na wale wenye upungufu mkubwa wa akili aliowaona hospitalini, na kwamba hapakuwa na tumaini la kumfundisha.

Itard hakukubali. Aliona kwamba mtoto aliyeishi peke yake hangeweza kuwa na lugha, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kusema naye. Tangu wakati huo wataalamu wamebishana sana: wako wanaoamini kwamba mtoto huyu alikuwa na ulemavu wa akili tangu kuzaliwa na kwamba ndiyo sababu ya kutupwa, na wengine wamesema kwamba dalili zake zinafanana na zile za usonji. Mabishano hayo hayana mwisho, na mwalimu hana haja ya kuyangoja. Mtoto yupo mbele yake, na swali lililo lake ni la kesho asubuhi: tuanzie wapi?

Mpango wa kazi

Itard alijiwekea shabaha tano. Ya kwanza ilikuwa kumfanya mtoto apende maisha ya kuishi na watu, kwa kuyafanya yawe matamu kuliko yale aliyoyaacha. Ya pili, kuamsha milango yake ya fahamu. Ya tatu, kumpanulia mawazo kwa kumpa mahitaji mapya na kumkutanisha na watu. Ya nne, kumfikisha kwenye kusema. Ya tano, kuizoeza akili yake kwanza kwa vitu anavyovihitaji, kisha kwa masomo.

Shabaha ya kwanza ilibebwa na mtu ambaye hakuandika ripoti yoyote. Huyo ni Bibi Guérin, aliyepewa kazi ya kumlea mtoto. Yeye ndiye aliyemlisha, aliyemvika, na aliyemtembeza bustanini kila siku. Itard alisimamia maji ya moto aliyoogeshwa mtoto kwa saa nyingi mpaka ngozi yake ikaanza kutambua baridi na joto, lakini ni kwa Bibi Guérin mtoto alikojifunza kwamba mtu anaweza kuwa kimbilio.

Masikio ya mtoto yalikuwa ya ajabu. Risasi ikilia nyuma yake hakushtuka, lakini mtu akivunja njugu kwa siri aligeuka mara moja. Basi hakuwa kiziwi. Sauti zilizokuwa na maana kwake alizisikia. Itard aligundua pia kwamba aligeuza kichwa kila aliposikia sauti ya irabu O, akamchagulia jina lenye sauti hiyo katika silabi yake ya mwisho: Victor.

Lugha aliyokuwa nayo tayari

Ripoti ya kwanza ya Itard, iliyotoka mwaka 1801, ina kurasa chache ambazo kila mwalimu anafaa kuzijua. Ndani yake anaeleza jinsi Victor alivyojieleza bila neno hata moja.

Alipotaka maziwa, alileta bakuli lake la mbao. Saa ya kutembea ilipofika, alileta nguo za kutokea za Bibi Guérin. Chakula kilipochelewa, alitandika meza mwenyewe. Alipotaka kusukumwa katika toroli bustanini, alimshika mtu mkono, akampeleka mpaka kwenye mishikio, kisha akapanda na kukaa. Wageni waliomchosha kwa kukaa muda mrefu aliwapa kofia zao na fimbo zao, akawasukuma taratibu kuelekea mlangoni.

Bakuli, nguo, toroli na kofia vilikuwa ni maneno. Kila kimoja kilikuwa na maana moja inayojulikana, kilielekezwa kwa mtu maalumu, na kilitumika ili jambo fulani litendeke. Hizo ni sifa tatu za mawasiliano ya kweli. Itard aliziona, akaziandika kwa usahihi na kwa mapenzi, akaziita lugha ya vitendo. Lakini aliihesabu lugha hiyo kuwa ngazi ya chini ya kuvukwa upesi ili mtoto afike kwenye sauti.

Kutafuta sauti

Kwa kuwa maji ni hitaji la kila siku, Itard alijaribu kumfanya Victor atamke neno la Kifaransa la maji, ambalo ni irabu moja tu. Mtoto alipokuwa na kiu, glasi iliinuliwa mbele yake huku neno likitajwa tena na tena. Victor alinyoosha mikono, akateseka, wala hakutamka. Itard aliona ni ukatili kuendelea, akajaribu neno la maziwa. Siku ya nne Victor alilitamka. Lakini alilitamka baada ya kumiminiwa maziwa, si kabla. Ilikuwa sauti ya furaha, si ya kuomba.

Tofauti hiyo Itard aliitambua mara moja, na hapa ndipo ukubwa wake kama mwalimu unapoonekana. Mtu mwingine angetangaza ushindi. Yeye alisema wazi katika ripoti yake kwamba neno lisilotumika kuombea kitu halijawa neno bado. Tunao hata leo walimu wanaofurahi mtoto akirudia sauti kama kasuku, wasiulize kama sauti hiyo inamsaidia kupata chochote.

Ubao, rangi na herufi

Sauti ilipokwama, Itard alipita njia ya macho. Alichora ubaoni sura za vitu vya kawaida, kama vile ufunguo, mkasi na nyundo, na Victor akajifunza kutundika kila kitu juu ya picha yake. Kisha Itard aliandika jina la kila kitu kando ya picha na kuifuta picha. Victor alipotea kabisa. Itard hakumlaumu mtoto. Alitambua kwamba kati ya picha na neno lililoandikwa pana bonde kubwa: picha inafanana na kitu, neno halifanani nacho hata kidogo.

Kwa hiyo alirudi nyuma akatengeneza ngazi ndogo ndogo. Alibandika ubaoni mviringo mwekundu, pembetatu ya buluu na mraba mweusi, akampa mtoto vipande vya kadibodi vya namna ileile avilinganishe. Baadaye maumbo yalikuwa ya rangi moja, ili umbo peke yake liongoze. Kisha rangi zilitofautiana kidogo tu. Ngazi hizi zilileta ghadhabu kila zilipopandishwa haraka mno. Victor alitupa kadibodi chini na kukimbilia kitandani.

Mwisho wa ngazi hizo palikuwa na herufi 24, kila moja katika kijumba chake ubaoni, pamoja na herufi za madini za kulinganisha nazo. Victor alijifunza kuzipanga upesi kuliko alivyotazamiwa. Itard alipochunguza aliona mtoto amevumbua hila: alizitoa herufi kwa utaratibu na kuzipanga mkononi zikifuatana, hivi kwamba kuzirudisha hakukumhitaji kutafuta. Mtoto aliyesemekana hana akili alikuwa amejipunguzia kazi kwa akili.

Ndipo yakaja maziwa. Itard alipanga mezani herufi nne, L, A, I na T, ambazo katika Kifaransa ni neno la maziwa. Bibi Guérin alizitazama, akampa Itard kikombe cha maziwa. Kisha Victor alipewa herufi zilezile na kuonyeshwa chombo cha maziwa. Alizipanga kinyume, kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Akasahihishwa, akazipanga sawa, akapata maziwa yake.

Siku nane hivi baadaye, jioni moja, Victor alipokuwa akijiandaa kutoka na Bibi Guérin kwenda nyumbani kwa Bwana Lemeri, karibu na jumba la kutazamia nyota, ambako alizoea kupewa maziwa, alichukua herufi zile nne akazitia mfukoni. Hakuna aliyemwagiza. Alipofika alizitoa, akazipanga juu ya meza ziwe neno la maziwa.

Tumezoea kusoma habari hii kama kioja cha mtoto wa mwituni. Yafaa tuisome kama walimu. Mtoto alikuwa amechukua alama kutoka darasani, akaipeleka mahali pengine, akamwonyesha mtu mwingine ambaye hakushiriki katika somo, kwa nia ya kupata kitu alichokitaka. Na jambo hilo liliwezekana kwa sababu ndogo sana: herufi zilikuwa zinabebeka. Zingalikuwa zimechorwa ubaoni, Victor angaliziacha pale zilipo, pamoja na sauti yake.

Ripoti ya pili

Itard aliendelea na kazi hiyo kwa takriban miaka mitano, akatoa ripoti ya pili mwaka 1806. Victor alijifunza majina mengi yaliyoandikwa kwenye kadi. Mwanzoni alidhani neno la kitabu ni jina la kitabu kimoja tu, kile kilichokuwa chumbani mwake, kingine hakukikubali. Baadaye alivuka mpaka upande wa pili, akakusanya vitu kwa matumizi yake na kukiita kisu kile kilichokuwa wembe. Kosa hili la pili lilikuwa hatua mbele, kwa kuwa lilionyesha kwamba anafikiri juu ya kazi ya vitu. Alijifunza pia maneno ya sifa, kama kikubwa na kidogo, na maneno ya vitendo, na akaweza kuyaandika kwa mkono wake.

Lakini kusema hakujifunza. Itard alimfundisha kuigiza mienendo ya midomo na ulimi kwa muda mrefu, mwishowe akakata tamaa. Ripoti yake haifichi pia mbinu alizotumia mtoto alipokasirika. Siku moja alimshika na kumtoa nje ya dirisha la ghorofa ya juu ili hofu imtulize. Siku nyingine alimwadhibu kwa makusudi bila kosa, ili ajue kama mtoto anatambua dhuluma. Victor alimwuma mkono, na Itard alifurahi kuona kwamba haki imo moyoni mwake. Mambo haya hatuwezi kuyatetea. Mtoto asiyeweza kusema ndiye anayedhulumiwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hawezi kushitaki kwa yeyote. Meno yake ndiyo yaliyokuwa mashitaka pekee aliyobaki nayo.

Katika ripoti hiyohiyo imo habari nyingine. Mume wa Bibi Guérin alipofariki, Victor aliandaa mahali pake mezani kama kawaida. Alipoona mama huyo analia, aliviondoa vyombo kwa huzuni na kuvirudisha kabatini, wala hakuviandaa tena. Hakuna neno lililotumika, na hakuna mtu aliyekuwa mezani pale aliyeshindwa kuelewa.

Alichopita bila kukiona

Lipo jambo ambalo msomaji wa leo hulistaajabia. Victor aliishi katika taasisi iliyojaa watoto viziwi waliozungumza kwa ishara za mikono toka asubuhi hadi usiku. Mmoja wa walimu wake, Massieu, alikuwa kiziwi mwenyewe. Lugha isiyohitaji sauti ilikuwa uani, ukumbini na mezani. Hata hivyo Itard hakumfundisha Victor lugha hiyo kwa utaratibu. Siku hizo yeye aliamini kwamba kufika kwenye ubinadamu kamili ni kufika kwenye kusema.

Aidha, kadi za maneno zilipokwisha kueleweka, mazoezi kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mwalimu kuonyesha na mtoto kuleta. Yule aliyetia herufi mfukoni ili aombe, sasa aliulizwa ili ajibu. Hatujui Victor angalifika wapi kama angalipewa alama nyingi zaidi za kubeba, na watu wengi zaidi wa kuzisoma. Tunajua tu kwamba baada ya ripoti ya pili masomo yalikoma, Victor akaachwa chini ya malezi ya Bibi Guérin, akaishi naye karibu na taasisi mpaka alipofariki mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Miaka ya mwisho ya Itard

Itard alibaki katika Taasisi ya Viziwi maisha yake yote. Kitabu chake kikubwa juu ya magonjwa ya sikio na kusikia kilitoka mwaka 1821 na kumpa sifa kote Ulaya. Alijaribu tiba nyingi kwa viziwi, nyingine zenye maumivu makali, akakiri kwamba hazikuwafaa. Baada ya miaka mingi ya kuwafundisha wachache kusema, alikubali pia kwamba ishara zina nafasi yake katika elimu ya viziwi. Yeye aliyeanza kwa kuitafuta sauti peke yake alifundishwa na wanafunzi wake.

Mwaka 1837 kijana Édouard Séguin alianza kumfundisha mtoto mmoja mwenye ulemavu wa akili, na Itard, akiwa mgonjwa, alimpa ushauri. Alifariki Passy tarehe 5 Julai 1838. Séguin aliendeleza njia ya ngazi ndogo ndogo, akaandika kitabu chake mashuhuri mwaka 1846, na baadaye akaipeleka kazi hiyo Marekani. Kutoka kwa Itard na Séguin alijifunza Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Hivyo vipande vya maumbo tunavyoviona leo katika madarasa ya awali vina ukoo na ubao wa Victor.

Njia ya herufi za mfukoni nayo ilipata warithi, ingawa ilichukua muda. Charles Bliss alichapisha mfumo wake wa alama za kuchorwa mwaka 1949, na mwaka 1971 walimu wa Toronto, Kanada, wakaanza kuutumia kwa watoto wasioweza kusema. Katika miaka ya 1970 huko Uingereza ulitungwa mfumo wa Makaton, unaotumia ishara za mikono pamoja na maneno ya kusemwa. Utafiti uliofuata umeondoa hofu ya zamani ya wazazi na walimu: kumpa mtoto ishara au picha hakumzuii kusema, na wengine huwasaidia kusema.

Mafunzo kwa mwalimu

Tunapenda kumalizia kwa kutaja mambo manne ambayo mwanachuo anaweza kuyachukua kutoka katika maisha haya.

Kwanza, kabla ya kumfundisha mtoto alama yoyote, mchunguze kwa siku kadhaa uandike anavyojieleza tayari. Anaponyoosha kikombe, anapokushika mkono, anapogeuza uso, anasema. Mjibu papo hapo, ili ajue kwamba amesikika.

Pili, anza na kitu anachokitaka yeye, si kile unachotaka wewe akijue. Kwa Victor yalikuwa maziwa. Kwa mwingine huenda ikawa mpira, uji, au kutoka nje.

Tatu, panda kwa ngazi: kitu chenyewe, kisha picha yake, kisha alama, kisha neno. Mtoto akikwama, usimlaumu. Tafuta ngazi uliyoiruka. Wako watakaobaki kwenye vitu au picha maisha yao yote, na hayo pia ni mawasiliano.

Nne, alama iwe ya kubebeka, na watu wengi waijue. Kadibodi, kamba na picha zilizochorwa kwa mkono zinatosha. Waonyeshe mama yake, ndugu zake na wanafunzi wenzake namna ya kuzisoma. Picha inayofungiwa katika kabati la mwalimu ni sawa na ulimi uliofungwa. Kazi ya mwalimu si kumngoja mtoto afike kwenye lugha ya wakubwa, bali ni kuwafundisha wakubwa kuisoma ile aliyokuja nayo, na kumwongezea nyingine juu yake.